Umeme ukikatika, tiketi zinakwenda wapi?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nasimamia kompyuta za kampuni ndogo ya mabasi hapa Morogoro. Ramani ya viti tunaiweka kwenye Redis, ile programu ya kuhifadhi data, ndani ya mashine moja ya mezani yenye Linux. Nikiizima jioni na kuiwasha asubuhi, kila kitu kipo. Wiki iliyopita umeme ulikatika saa 5:52 asubuhi, UPS, ile betri ya akiba, ikalia kidogo ikafa. Mashine ilipowaka tena, tiketi zote zilizouzwa baada ya saa 5:10 hazikuwepo. Karani anahesabu 31. Kiti namba 14 cha basi la saa nane tukakiuza mara mbili, na abiria wote wawili wana karatasi mkononi. Rafiki yangu kaniambia niandike appendonly yes kwenye faili la mipangilio, niwashe upya, basi. Mwingine anasema ninunue UPS kubwa. Nishike lipi? Na wale abiria wawili niwafanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya maelezo yoyote: kama hujaufuata ushauri wa rafiki yako, usiufuate kwa namna hiyo. Dawa aliyokutajia ndiyo yenyewe, ila ukiinywa kwa mpango huo itakumaliza. Ukiandika appendonly yes kwenye faili, kisha ukazima na kuwasha, Redis itaamka, itatafuta daftari lake la AOF (append-only file, faili ambalo kila badiliko linaongezwa mwishoni), haitalikuta kwa sababu halijawahi kuandikwa, na itaanza kazi na ramani tupu. Faili lako la zamani, dump.rdb, litakuwa palepale kwenye folda lakini halitasomwa, maana AOF ikishawashwa ndiyo inayoaminiwa peke yake. Halafu karani atauza tiketi mbili tatu, saa itapita, na Redis itahifadhi ile ramani karibu tupu juu ya dump.rdb ya zamani. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi. Njia salama nitakupa huko chini. Kwa sasa nakili dump.rdb kwenye flashi, uitie mfukoni.

Sasa tuzitafute zile dakika 42.

Redis inaweka kila kitu kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na kwa mipangilio inayokuja nayo, inachofanya ili kujikinga ni kupiga picha ya data yote mara moja moja na kuiandika kwenye diski. Picha hiyo ndiyo dump.rdb. Sheria za lini ipige picha ni tatu, na katika matoleo ya sasa zimekaa hivi: zikipita sekunde 3600 tangu picha ya mwisho na kukawa na walau badiliko 1, au sekunde 300 na mabadiliko yasiyopungua 100, au sekunde 60 na mabadiliko 10,000. Tuzipime kwa ofisi yako. Tiketi 31, na nikikisia kwamba kila tiketi inagusa vitu viwili, kiti chenyewe na jumla ya mauzo ya siku, tunapata mabadiliko 62. Kwa hiyo sheria ya 100 haijafikiwa, ya 10,000 usiiwaze, iliyobaki ni ile ya saa nzima. Picha ilipigwa saa 5:10, inayofuata ingepigwa saa 6:10, umeme umekatika saa 5:52. Redis haikuharibika wala haikukosea. Ilifanya kilichoandikwa.

Kuna kichekesho hapa. Kama asubuhi ile mngeuza tiketi 50 badala ya 31, mabadiliko yangefika 100, picha ingepigwa, na pengine mngepoteza tiketi chache tu. Yaani siku ya kuamkia Idi au Krismasi, watu wakiwa wamebanana dirishani, mfumo wako uko salama kuliko Jumanne ya kawaida. Sheria zile ni nzuri kwa mtu anayehifadhi vitu vinavyoweza kutengenezwa upya, kama kurasa za tovuti. Tiketi iliyolipiwa haimo katika kundi hilo.

Na ile imani yako kwamba "nikiizima jioni na kuiwasha asubuhi kila kitu kipo" ndiyo iliyokuponza. Ukizima mashine kwa utaratibu, Linux inaiambia Redis kwa adabu kwamba muda wake umekwisha, na Redis, kama ina hata sheria moja ya picha, inapiga picha ya mwisho kabla ya kutoka. Kila jioni ulikuwa unaipa nafasi ya kuaga. Umeme haupigi hodi. Kwa hiyo miezi yote hiyo ulikuwa unajaribu jambo ambalo halikuwa na shida, na lile lenye shida hukuwahi kulijaribu hata siku moja.

Kwa nini RAM isikumbuke yenyewe? Kwa sababu ya jinsi ilivyoundwa. Kila biti inakaa kama chaji kidogo ndani ya kapasita iliyolindwa na transista moja, muundo ambao Robert Dennard wa IBM alipewa hataza yake mwaka 1968. Kapasita hiyo inavuja kama ndoo yenye tundu, ndiyo maana mashine inapita kuzijaza zote upya ndani ya kila milisekunde 64. Umeme ukiondoka, mjazaji kaondoka. Haifutiki papo hapo kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba ukiipuliza RAM baridi kali, data inaweza kubaki dakika kadhaa, wakaitumia hila hiyo kuiba funguo za siri. Lakini hiyo ni njia ya wezi, si ya karani wa tiketi.

Ulichohitaji ni daftari. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Na ofisini kwako daftari hilo mnalo: kile kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Karani anaandika, nakala inabaki chini, ndipo anachana ya juu na kumpa abiria. Akifa ghafla, Mungu apishe mbali, anayekuja anafungua nakala kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kujua viti vipi vimeuzwa. AOF ni kitabu hicho. Kila amri inayobadilisha data inaongezwa mwishoni mwa faili, na Redis ikiamka inazisoma zote tangu mwanzo na kuzirudia. Kitabu kikinenepa sana inakiandika upya kwa kifupi, ikiacha hali ilivyo bila historia ndefu. Tangu toleo la 7.0, la mwaka 2022, kitabu si faili moja tena bali folda iitwayo appendonlydir, yenye faili la msingi, faili la nyongeza na faili dogo la orodha. Ukinakili, nakili folda zima. Watu wanachukua faili moja wakidhani wamechukua yote.

Hapa sharti tukae kidogo, maana wengi wakishawasha AOF wanalala usingizi, na usingizi wenyewe ni wa mang'amung'amu. "Kuandika kwenye diski" si tendo moja. Mfikirie konda. Abiria anampa noti, iko kiganjani. Baadaye anaikunja anaitia mfukoni. Jioni anaikabidhi kwa tajiri. Tajiri anaifungia kabatini. Ukimuuliza konda saa sita mchana "pesa ipo?", atakujibu ipo, na hakudanganyi, ila kibaka akipita saa hiyo utajua ilikuwa ipo wapi. Data nayo iko hivyo. Programu ina bafa yake, mahali pa kukusanyia data kabla ya kuituma. Ikisema imeandika, mara nyingi imeikabidhi tu keneli, yaani kiini cha Linux, nayo keneli inaishikilia kwenye RAM ileile, na kwa mipangilio ya kawaida inaweza kuikalisha hapo kama sekunde 30 kabla ya kuituma. Ikiituma, diski yenyewe ina kashe yake ndani, kumbukumbu ndogo ya kusubirishia data. Baada ya hapo ndipo inafika mahali ambapo umeme haugusi. Kuna amri moja inayomlazimisha konda kwenda moja kwa moja hadi kabatini na kurudi na sahihi: fsync. Ukielewa hiyo, umeelewa nusu ya kazi hii.

Kwenye Redis, fsync inaongozwa na mpangilio wa appendfsync, wenye majibu matatu. Ukiweka no, unamwachia Linux aamue, na hapo nakuombea tu. Ukiweka everysec, ambayo ndiyo inayokuja nayo, fsync inapigwa kila sekunde, kwa hiyo unaweza kupoteza kazi ya sekunde moja, na diski ikiwa imelemewa hata mbili. Ukiweka always, Redis haimjibu karani "sawa" mpaka fsync imerudi.

Karibu kila mtu atakuambia uweke everysec, kwa kuwa always ni nzito. Kwa duka la mtandaoni lenye maelfu ya amri kwa sekunde, ni kweli. Lakini wewe umeuza tiketi 31 kwa dakika 42, yaani moja kila sekunde 81. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 na kitu. Hata fsync moja ikile mizunguko mitatu minne, karani hajamaliza kuinua kidole kwenye kibodi. Weka always. Uzito wanaouzungumzia hautakufikia hadi uwe na mabasi ya nchi nzima.

Haya, njia salama. Fanya ofisi ikiwa imefungwa, na dump.rdb ikiwa mfukoni kama nilivyosema. Redis ikiwa inafanya kazi, bila kuizima, ingia kwa redis-cli, dirisha lake la kuandikia amri, uandike DBSIZE (idadi ya vitu vilivyomo) na uandike pembeni namba itakayotoka. Kisha CONFIG SET appendonly yes. Hapo inaanza kujaza kitabu kutoka kwenye data iliyopo RAM, si kutoka patupu. Andika INFO persistence, usubiri mpaka aof_rewrite_in_progress isome 0 na aof_last_bgrewrite_status isome ok. Kisha CONFIG SET appendfsync always, na CONFIG REWRITE ili mipangilio hiyo iandikwe kwenye faili lenyewe. Nenda katazame kwa macho yako kwamba appendonlydir lipo na lina kitu ndani. Ndipo uzime, uwashe, uandike DBSIZE tena. Namba zikilingana, au ikipungua kidogo kwa sababu ya viti vilivyoshikwa kwa muda ambavyo muda wao umepita, umevuka mto. Zile sheria za picha usizifute. Zinakupa faili moja dogo la kunakili kila saa kwenda mashine nyingine. AOF inakulinda na umeme, haikulindi na mkono. Mtu akiandika FLUSHALL kwa bahati mbaya, kitabu kinaandika kwa uaminifu kabisa kwamba kila kitu kimefutwa. (Likikukuta hilo, zima Redis mara moja kabla kitabu hakijaandikwa upya, nakili folda, ondoa amri hiyo ya mwisho kwenye faili la nyongeza, washa.)

Umeme ukikatika katikati ya mstari, ukurasa wa mwisho wa kitabu unaweza kuwa umechanika. Usiogope, Redis ikiona mkato uko mwishoni kabisa, inasoma hadi hapo, inatupa kipande kilichovunjika, inakueleza kwenye logi na kuendelea. Kilichovunjika ni amri ambayo karani hakuwa amejibiwa bado. Uharibifu ukiwa katikati ya faili ni habari nyingine: itakataa kuwaka. Ipo redis-check-aof yenye chaguo la --fix, ila fahamu kwamba inakata kuanzia penye kasoro hadi mwisho, na vizima vilivyofuata vinakwenda pamoja. Nakili kwanza, tengeneza baadaye.

Sasa jaribio. Kuzima kwa utaratibu si jaribio, hilo tumeshaliona. Hata kuiua Redis kwa kill -9, amri ya kuua programu bila kuipa nafasi ya kuaga, kama vijana wengi wanavyofanya, si jaribio la umeme, maana programu ikifa keneli bado hai, na vilivyokuwa mfukoni kwa konda vitafika salama. Lazima uchomoe waya ukutani. Hivi ndivyo ninavyofanya mimi: nachukua kompyuta mpakato yenye betri nzima, naiunganisha na seva kwa kebo ya mtandao, naandika skripti fupi inayoongeza namba moja moja kwenye Redis, na kila ikijibiwa inaichapa namba hiyo kwenye skrini ya mpakato. Nikifika elfu kadhaa nachomoa waya wa seva bila kuangalia. Skrini ya mpakato inaganda kwenye namba fulani. Nawasha seva, nauliza namba ya mwisho. Kwa always, seva iwe na namba ileile au moja zaidi, ile iliyoandikwa lakini jibu likakatiwa njiani. Ikipungua hata moja, kuna mtu anadanganya.

Na nimewahi kumkuta mwongo. Mashine moja niliyofungia wateja ilikuwa na SSD (diski isiyozunguka) ya bei ya chini. Mpakato uliganda kwenye 4,817, seva ikarudi na 4,790. Nilirudia, tofauti ikawa namba 19. Redis ilikuwa imepiga fsync, Linux imepiga fsync, lakini ile SSD ilikuwa inajibu "tayari" data ikiwa bado kwenye kashe yake ya ndani. SSD za seva huwa na kapasita kubwa kidogo ndani zinazoweka umeme wa kutosha kumalizia kilichoko njiani. Za bei rahisi nyingi hazina. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma boksi lenye picha ya radi na farasi anayekimbia. Unalijua kwa kuchomoa waya. Niliibadilisha ile diski, na jaribio likapita mara kumi mfululizo.

Kitu kingine kidogo ambacho hakuna atakayekuambia: betri ya saa. Ile ya duara, CR2032, iliyoko kwenye ubao mama. Nadhani viti ambavyo abiria hajalipia unavishikilia kwa dakika kadhaa kwa EXPIRE, amri ya kukipa kitu muda wa kuisha. Redis haihifadhi "dakika kumi zimebaki", inahifadhi saa na tarehe kamili ya kuisha, kwa hiyo mashine ikiwa imezimwa muda unaendelea kuhesabika, na hilo ni jema. Lakini mashine ya zamani yenye betri iliyokufa, umeme ukirudi, inaamka ikiamini ni miaka kadhaa iliyopita. Viti vyote vilivyoshikiliwa vitaonekana vina miaka mbele yao, na ofisi inasema basi limejaa wakati halijajaa, mpaka mtandao urudi na saa irekebishwe. Betri hiyo ni ya bei ya soda mbili tatu. Ibadilishe leo.

Kwa haraka, mengine matatu. Hakikisha maxmemory-policy, mpangilio wa nini kifanyike RAM ikijaa, ni noeviction, yaani isitupe kitu. Ukikuta allkeys-lru, Redis ina ruhusa ya kutupa viti ili kupata nafasi, bila umeme kukatika wala nini. Ukiona karani anapata ujumbe wa MISCONF, Redis inalia kwamba imeshindwa kupiga picha, mara nyingi kwa diski kujaa au RAM kubana. Tafuta chanzo, usizime kengele. Na kama siku moja utaihamishia Redis kwenye kontena la Docker (sanduku la kuendeshea programu), folda la /data liwe kwenye volyumu, hifadhi iliyo nje ya kontena, uliyoipa jina mwenyewe, la sivyo siku ya kubadilisha toleo kontena jipya litaamka halijui mabasi yako.

UPS? Nunua, ila ujue unanunua nini. UPS inauza dakika, na dakika hizo hazina kazi kama mashine haijui kwamba zinahesabika. Ile yako ililia, nani alikuwa anaisikiliza? Tafuta yenye kebo ya USB, funga NUT, programu ya kuisikiliza UPS ambayo Linux nyingi wanayo, uiagize kwamba betri ikishuka hadi kiwango fulani iizime seva kwa utaratibu. Betri zake za risasi huchoka baada ya miaka michache, na hazikuagi. Zinaonyesha taa ya kijani mpaka siku ya siku. Hata mwenye jenereta anaihitaji, kwa zile sekunde za kusubiri jenereta likamate. Lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, anza na diski ya kweli na daftari. Fundi akijikwaa kwenye waya, UPS haitakusaidia.

Nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Tarehe 20 Julai 1969, wakati Apollo 11 inashuka mwezini, kompyuta yao ilizidiwa na kazi, ikatoa kengele za 1202 na 1201 mara kadhaa, na kila mara ikajianzisha upya yenyewe. Kumbukumbu yake ya kuandikwa na kufutwa ilikuwa na maneno 2,048 tu, juu ya vipete vya sumaku, ambavyo havisahau hata umeme ukiondoka. Lakini sumaku peke yake haikutosha. Wale waandishi wa programu walikuwa wamekaa na kuamua mapema, kazi moja baada ya nyingine, ipi lazima iendelee pale ilipoachia na ipi ikitupwa hakuna atakayelia, na zile za lazima zilikuwa zinaweka alama ya hatua zilipofikia. Kompyuta ilipoamka, iliokota uongozaji wa chombo na kuacha yasiyo na haraka.

Wewe kaa na ramani yako ufanye hivyohivyo. Kiti kilichoshikiliwa wakati abiria anatafuta salio kinaweza kupotea, atabonyeza tena. Idadi ya watu waliopo kwenye foleni inaweza kupotea. Jumla ya mauzo ya siku inaweza kuhesabiwa upya. Tiketi iliyolipiwa haiwezi. Kwa maoni yangu tiketi iliyolipiwa haikupaswa kuishi Redis hata dakika moja peke yake. Iweke kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, au hata SQLite kama mashine ni moja tu, na Redis ibaki na kazi yake ya kushikilia viti kwa muda na kuonyesha ramani haraka. Hifadhidata hizo zilizaliwa na daftari: PostgreSQL haimwambii mtu "imekubaliwa" kabla mabadiliko hayajaandikwa kwenye logi yake na fsync kurudi. Na wenyewe hawaichukulii fsync kirahisi. Mwaka 2018 waligundua kwamba kwenye Linux fsync ikishindwa mara moja, ukiipiga tena inaweza kujibu kwamba mambo ni shwari ilhali data imeshapotea. Tangu hapo wakiona imeshindwa wanasimamisha seva nzima na kuanza upya kutoka kwenye logi, kuliko kuendelea na uongo. Ukichagua SQLite, tumia hali ya WAL (kuandika kwanza kwenye logi) lakini weka mpangilio wa synchronous uwe FULL, maana NORMAL haiharibu faili ila inaweza kusahau mauzo ya mwisho umeme ukikatika.

Kuna faida moja zaidi, na ndiyo inayohusu kiti namba 14. Kwenye jedwali la tiketi utaweka sharti kwamba basi, tarehe na namba ya kiti vikichukuliwa pamoja haviruhusiwi kujirudia. Karani wa pili akijaribu kukiuza, hifadhidata inamkatalia hapohapo, hata kama ramani ya Redis inakionyesha kijani. Kule Redis ulikuwa unategemea kumbukumbu ya mashine. Hapa una mlinzi mlangoni.

Abiria wako wawili sasa. Usibishane na yeyote kati yao, wote wamelipa na wote wana haki. Mwenye risiti ya mapema apate kiti, wa pili apewe basi linalofuata au arudishiwe nauli, apendavyo yeye, na kampuni ibebe. Tiketi nyingine 30 bado zinaweza kupatikana, usizifute kichwani. Waliolipa kwa simu, ujumbe wa malipo upo kwenye laini ya ofisi, una saa na kiasi. Waliolipa taslimu, fungua nakala za kaboni za asubuhi ile. Zipange kwa saa kuanzia 5:10, uziingize moja moja, ukianza na mabasi ambayo bado hayajaondoka. Na kile kitabu cha kaboni, naomba kisiondoke juu ya meza ya karani mpaka waya umechomolewa mara kumi na namba zimelingana mara kumi.